Siku Iliyoachwa Nje ya Orodha

Rulenge, Ngara
Jumanne, 2 Februari 1943

Baba yangu Hatibu bin Kombo,

Shikamoo baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua chako kisiwe kinakusumbua kama kilivyokuwa kila masika. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nimepiga magoti ninapoiandika. Na shangazi Mwanne pia. Huku kwetu mvua imekuwa nzuri na maharage yametoka. Mume wangu Minani alifariki miaka sita iliyopita kwa malale. Nimebaki na mwanangu mmoja.

Miaka kumi na saba ni mingi, baba. Niliwahi kukuandikia mara mbili na barua zikarudi. Hii nimempa tarishi aiweke mkononi mwako, wala asimpe mtu mwingine. Isome hadi mwisho, kisha uichane ukipenda.

Mwanangu anaitwa Ndayisaba. Ana miaka kumi na sita. Ni mrefu kama babu Kombo, yule uliyekuwa ukituhadithia kwamba aliinama kila alipoingia nyumba za Pangani. Urefu huo ndio uliomponza. Wiki iliyopita waliita vijana wote kwenye baraza la sultani, kuchagua watakaokwenda vitani. Sheria ni kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane haendi. Lakini huku nani ana cheti cha kuzaliwa? Wanauliza ulizaliwa siku ya tukio gani, kisha wanatazama karatasi inayoonyesha tukio hilo lilikuwa tarehe ngapi.

Karani aliniuliza, "Mama, huyu alizaliwa lini?"

Nikamwambia, "Jua lilipatwa, na miezi tisa baadaye nikamzaa."

Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Kupatwa kwa jua, tarehe 29 Mei 1919, alasiri. Mwanao ana miaka ishirini na mitatu. Anayefuata."

Nikasema, "Si hilo. Ni lile la asubuhi, mwaka 1926."

"Hapa lipo moja tu, mama."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mama jua lake hupatwa kila akichukua mimba." Baraza zima likacheka. Wapo waliolikumbuka jua la 1926, niliwaona usoni, lakini hakuna aliyetaka kubishana na karatasi. Kitabu cha misheni hakikunisaidia. Ndayisaba alibatizwa pamoja nami mwaka 1934, na padri alimtazama urefu akaandika "kama miaka kumi."

Niliomba nionyeshwe karatasi yenyewe. Mwishoni pamepigwa taipu: Imetungwa na Hatibu bin Kombo, karani mstaafu, Biharamulo.

Baba, ni mstari mmoja tu. Alhamisi, 14 Januari 1926, jua lilipatwa asubuhi. Ukiuandika kwa mkono wako watamwacha. Ametakiwa afike Boma huko Biharamulo tarehe mosi Machi.

Mwanao,
Sauda


Biharamulo
Jumanne, 9 Februari 1943

Kwa Sauda,

Barua yako ya tarehe 2 nimepokea leo saa nne asubuhi. Tarishi alikataa kumpa shangazi yako, kama ulivyomwagiza. Kifua kinanisumbua. Macho bado yanaona.

Salamu za mama yako sikuweza kuzifikisha. Biubwa alifariki Jumanne, 9 Aprili 1929, baada ya adhuhuri, na tulimzika kabla ya jua kuzama. Barua yako ya pili ilifika akiwa kitandani. Alisikia mtu anabisha hodi, akauliza ni nani. Nikamwambia ni karatasi za Boma, kisha nikairudisha. Kwa hiyo huu ni mwaka wa kumi na nne unamsalimia marehemu.

Kuhusu orodha. Mwaka 1941 Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, aliniita, akasema, "Mzee Hatibu, wewe ndiye mtu pekee katika wilaya hii anayejua jana ilikuwa lini." Akaniomba nimwandikie siku kuu zote ambazo mtu wa shamba anaweza kuzikumbuka. Niliifanya kazi hiyo miezi minne. Nina kalenda za Wajerumani, za Waingereza na za Hijria, na nilizilinganisha zote. Nyota ya mkia, Mei 1910. Wabelgiji kupita hapa, 1916. Vita kwisha, Jumatatu, 11 Novemba 1918. Jua kupatwa, 29 Mei 1919, siku mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kufa kwa Mfalme Joji, Jumatatu, 20 Januari 1936. Kutawazwa kwa mwanawe, Jumatano, 12 Mei 1937, ambapo wenye shule walipewa sukari. Hakuna tarehe hata moja iliyokosewa. Nimeipeleka kwenye mabaraza yote.

Tarehe 14 Januari 1926 niliiandika, kisha nikaikata kwa rula na wino.

Wewe unajua kwa nini, lakini nitakueleza, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuondoka na hukuona mwisho wake. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Mfungo Tisa. Jua lilipoanza kuliwa, wanaume wote tuliingia msikitini kusali sala ya kupatwa kwa jua. Wanawake walikuwa uani wakipiga sufuria. Nilikuwa nimesujudu, nikimwomba Mwenyezi Mungu aturudishie mwanga, wakati ule ule wewe ulikuwa unatoka kwa mlango wa jikoni na yule muuza asali wa Ngara. Sala ilikuwa ndefu. Tulipotoka, jua lilikuwa limerudi. Mama yako alikuwa amekaa chini na sufuria mapajani.

Mimi ni mtu wa Pangani. Wajerumani walinileta hapa mwaka 1908 niwaandikie vitabu vyao, nikidhani ni kwa miaka mitatu. Hapa sina kaburi la baba wala la mama. Watoto wangu wawili wa kwanza niliwazika njiani, Tabora. Nilikuwa na wewe.

Sasa sikiliza. Mstari nitauandika. Ijumaa, tarehe 19 Februari, uje wewe na huyo kijana. Uje nyumbani kwangu kabla ya adhana ya adhuhuri. Kijana ataingia nami msikitini na mbele ya watu atapewa jina la baba yangu. Wewe utakaa uani na wanawake walewale unaowajua, waliobaki hai, na utaitwa Sauda, si hilo jina lako la ubatizo. Wakishamaliza kula, nitakwenda Boma kwa miguu yangu.

Hatibu bin Kombo


Rulenge
Jumapili, 14 Februari 1943

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana jioni. Pole kwa kifua. Ya mama nimeisoma. Sina la kuandika juu yake sasa hivi, kwa maana nikianza sitainuka.

Tunakuja. Tunaondoka kesho alfajiri. Nilimsomea Ndayisaba maneno yako yote, akasema, "Mama, jina ni neno tu. Nikiitwa Kombo nitaacha kuwa mwanao?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi twende. Ila mwambie babu mimi ninakula sana." Ni mtoto wa utani. Anataka kuwa mwalimu, na padri amekwisha kumpa ahadi ya nafasi.

Padri hajui tunakwenda kufanya nini. Nitaungama nikirudi.

Ni siku nne kwa miguu, na mvua inanyesha. Utusubiri, baba.

Sauda


Biharamulo, nyumbani kwa Speciosa
Jumatatu, 22 Februari 1943

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako. Huyu Speciosa anayetuhifadhi ni mke wa seremala. Ndiye atakayekuletea karatasi hii, kwa kuwa mimi umenikatalia.

Mto ulifurika. Tulikaa ukingoni tangu Jumatano adhuhuri hadi Alhamisi jioni, sisi na wachuuzi watatu wa chumvi, hadi maji yalipofika kiunoni tukavuka tumeshikana mikono. Jumamosi tulitembea tangu saa tisa usiku. Ndayisaba alinibeba mgongoni kipande cha mwisho, kwa sababu nyayo zangu zilikuwa zimepasuka. Alikuwa akinitania njia nzima kwamba nimekuwa mzigo wa serikali.

Nataka uyasikie kwa upande wetu wa mlango. Tulibisha hodi. Nikasema ni mimi, Sauda. Ukauliza kwa ndani, "Leo ni tarehe ngapi?"

Ndayisaba ndiye aliyejibu. "Ishirini, babu. Shikamoo."

Ukasema, "Mimi niliandika kumi na tisa. Watu walikuja, wakakaa, wakala, wakanipa pole. Rudini kwenu."

Nikakueleza habari za mto. Nilikusikia ukipumua, baba. Ulikuwa karibu na mlango kama mimi nilivyokuwa. Shangazi Mwanne alisema kitu, nawe ukamwambia anyamaze.

Leo asubuhi Ndayisaba alikwenda sokoni kununua chumvi ya njiani. Wale askari wanaokusanya vijana walimwona. Walimuuliza jina, akalitaja, na jina likawa limo kwenye kitabu chao. Wakamwambia, "Umejileta kabla ya siku yako, hodari sana." Sasa yuko uani Boma na wenzake arobaini. Lori la kwenda Tabora linaondoka keshokutwa, Jumatano.

Sikuombi unifungulie. Nakuomba utembee kutoka nyumbani kwako hadi Boma. Ni dakika kumi. Hata ukikaa kimya njiani usiniangalie, mimi nitakaa upande mwingine wa barabara.

Sauda


Biharamulo
Ijumaa, 30 Aprili 1943

Mwanangu Sauda,

Natumaini ulifika salama na nyayo zimepona. Shangazi yako anakusalimu. Tangu lile lori liondoke amekuwa akinipakulia chakula bila kusema neno, kisha anakwenda kulia chake jikoni.

Barua yako ya tarehe 22 niliipokea siku ile ile. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya Msahafu. Jumanne sikutoka. Jumatano nilitoka, nikafika Boma saa mbili na robo, na wote walikuwa wamekwisha kupanda. Wewe ulikuwa upande wa soko, umekaa juu ya jiwe. Nilikuona.

Sikuhitaji kuonyeshwa ni yupi. Kichwa chake kilikuwa kimewapita wote. Walikuwa wamempa blanketi, naye alikuwa amemfunika nalo kijana mwingine aliyekuwa akitetemeka. Akaniona nimesimama na kofia yangu na fimbo. Akasema, "Shikamoo babu." Wale wengine wakanigeukia kusikia nitasema nini. Mimi nimefundisha watu adabu mji huu mzima, na sikuitikia. Nilikuwa nikifikiri nimwambie dereva asubiri, nimwambie karani alete orodha, nikawa napanga maneno kwa utaratibu, lipi liwe la kwanza. Lori likaondoka.

Nilikaa wiki tisa nikijiambia kwamba tarehe ni tarehe. Juzi nimekwenda kwa Bwana Shauri. Nimemwambia orodha yangu ina kosa. Alicheka, akadhani ni mzaha. Nimemwambia kosa ni la makusudi na ni langu, na nikamwonyesha mahali nilipokata kwa rula. Hakucheka tena. Amesema ataandika kwa wakubwa wa jeshi. Lakini hawatakubali "mwaka wa jua." Wanataka siku kamili aliyozaliwa, na namna ilivyojulikana.

Nijibu upesi. Unaijua?

Baba yako,
Hatibu


Rulenge
Jumatano, 12 Mei 1943

Mzee Hatibu,

Alizaliwa Jumatatu, 11 Oktoba 1926.

Namna ilivyojulikana: mimi ni binti wa karani. Tangu siku niliyotoka kwako nilitia punje moja ya maharage katika kibuyu kila asubuhi, nikidhani nitarudi nyumbani baada ya punje thelathini. Kisha nikadhani baada ya sitini. Siku aliyozaliwa nilizimimina nikazihesabu, zikawa mia mbili na sabini. Anayetaka kuhakikisha ahesabu mwenyewe kutoka 14 Januari.

Mashahidi ni mkunga Domisiana na dada yake Deodata, wote wako hai, na wameweka dole gumba kwenye karatasi niliyoambatanisha.

Adelfina, mama Ndayisaba


Biharamulo
Jumatatu, 20 Machi 1944

Mwanangu mpenzi Sauda,

Salamu nyingi sana, nyingi kuliko karatasi hii. Sisi huku ni wazima. Hata kifua leo kimenyamaza. Shangazi Mwanne amesimama nyuma yangu ananiharakisha, anasema ningeileta habari hii kwa mbio ningekuwa nimekwisha kufika. Amesema nami, unaona.

Wamekubali.

Sikukuandikia miezi hii kumi kwa sababu sikuwa na la kukuambia ila ahadi, nawe ulikuwa umeshiba ahadi. Nimeandika barua kumi na moja. Tabora walisema yuko Nairobi. Nairobi walisema kijana huyo ana miaka ishirini na mitatu, na ushahidi wao ni orodha rasmi ya Biharamulo. Nikawajibu kwamba mwenye orodha ni mimi, na kwamba nilidanganya. Wakasema mtu aliyedanganya mara moja ataaminiwa vipi mara ya pili. Swali zuri. Nikamwendea mwalimu mmoja wa Kiingereza mwenye vitabu vya nyota, akanipa kwa maandishi kwamba jua lilipatwa kweli asubuhi ile, dakika kwa dakika. Nikaambatanisha hesabu ya punje zako. Mwisho Bwana Shauri mwenyewe akaandika.

Leo jibu limefika. Nimelishika hapa. Limetiwa sahihi tarehe 28 Februari 1944. Linasema askari Ndayisaba Minani wa kikosi cha mizinga ametambuliwa kuwa hakutimiza umri, na aachiliwe arudishwe kwao. Nakutumia lenyewe, uliweke wewe. Mimi nimebaki na nakala.

Wanasema kikosi chake kimevuka bahari, kwa hiyo huenda ikachukua mwezi mmoja au miwili. Atapita hapa, hakuna njia nyingine. Nataka kujua anapenda chakula gani. Shangazi yako anasema kijana mrefu namna ile hula chochote, lakini mimi nataka kujua hasa. Jina lake ni lake. Akitaka kwenda kanisani Jumapili nitamsindikiza hadi mlangoni na kumsubiri nje. Nafasi yake ya ualimu mkumbushe padri. Miaka aliyopoteza si mingi.

Nawe uje umpokee. Uje siku yoyote.

Baba yako,
Hatibu


Rulenge
Alhamisi, 4 Mei 1944

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na shangazi. Huku mvua zinaisha. Watu wameanza kuvuna maharage, mimi bado.

Barua yako ilifika tarehe 25 Machi. Niliisomea nyumba nzima ya ukoo wa mume wangu. Walichinja mbuzi. Domisiana, ambaye hawezi tena kutembea, alibebwa akaja kucheza akiwa amekaa. Nilinunua shati. Nilifikiri atakuwa amenenepa huko jeshini, nikachukua pana.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye baraza la sultani. Karani alikuwa yule yule. Safari hii alinipa kiti. Akaniambia, "Mama, keti kwanza," nami nikajua kabla hajafungua bahasha, maana hakuna mwanamke anayepewa kiti pale.

Meli yao ilizamishwa baharini Jumamosi, tarehe 12 Februari. Walikuwa wengi sana. Hakuna mwili. Karani alinisomea polepole, nikamwomba anipe nisome mwenyewe. Sahihi ya kumwachilia ilitiwa siku kumi na sita baada ya yeye kufa. Tulikuwa tumechinja mbuzi kwa ajili ya marehemu, kama vile wewe ulivyoniacha nimsalimie mama.

Sikuandikii ili nikulaumu. Usiku wa kwanza nilikuandikia barua ya lawama, ndefu, nikaitia motoni. Nakuandikia kwa jambo la kazi.

Padri amekubali tusimike msalaba mtupu kando ya kaburi la Minani. Seremala wa misheni anataka maneno ya kuchonga. Ninazo karatasi mbili za serikali, zote zina mhuri. Ile ya kifo imeandika "miaka 24." Ile uliyonitumia wewe imeandika kwamba hakutimiza kumi na minane. Ndugu wa mume wangu wanataka ishirini na minne. Wanasema ni heshima zaidi kufa mtu mzima, na kwamba watoto hawachongewi maneno. Niyonsaba, shemeji yangu mkubwa, alisema mbele ya wote, "Mwanamke aliyeshindwa kuthibitisha umri wa mwanawe akiwa hai, anauthibitisha wa nini sasa?" Hakuna aliyemkemea.

Nimewaambia yuko mtu mmoja katika wilaya hizi mbili anayejua siku, na akiandika yeye, hawatabisha. Wamekubali kungoja jibu lako.

Andika kwa mkono wako, utie sahihi.

Adelfina, aliyekuwa mama Ndayisaba


Biharamulo
Jumatano, 10 Mei 1944

Kwa wote wanaohusika, Rulenge.

Mimi Hatibu bin Kombo, karani mstaafu, nathibitisha kwamba Ndayisaba, mtoto wa Minani na wa binti yangu, alizaliwa Jumatatu, 11 Oktoba 1926, na akafa Jumamosi, 12 Februari 1944. Umri wake ulikuwa miaka kumi na saba, miezi minne na siku moja.

Nimehesabu mara tatu.

Babu yake,
Hatibu